Njoo Ijumaa

Asubuhi miguu yangu huamka baada yangu.
Naikalisha ukingoni mwa kitanda kama wageni wawili
wasioelewana lugha na mwenyeji,
naisugua, naibembeleza, naitukana kidogo,
na nje mvua ya Tukuyu, isiyojua kubisha hodi,
imeshaanza kazi kwenye bati.

Ugumu huanzia pajani,
hushuka kama uzi uliovutwa kupita kiasi
hadi kitambaa chote kikajikunja.
Mimi ni fundi, uzi huo naujua.
Kwenye nguo ya mtu unaukata, unaanza upya.
Huu uko ndani.

Kutoka Makandana hadi kibandani kwangu sokoni
zamani zilikuwa dakika kumi, pamoja na salamu.
Sasa kila mtelemko una bei yake.
Nashika uzio wa Mwakatobe, nashika mgomba,
nashika bega la Gwamaka, mwanangu, darasa la tano,
aliyejifunza kutembea polepole
bila kuambiwa, bila kunitazama.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga.
Miaka kumi na tisa sikuwahi kuifikiria miguu;
ilikwenda tu, kisigino, kidole, kisigino, kidole,
mdomo ukipiga umbea na Subilaga wa mchele.
Siku hizi wa kushoto unasita,
gurudumu linarudi nyuma,
uzi unakatika.

Washauri hawakosi.
Ni baridi, vaa soksi mbili.
Ni chumvi. Ni umri.
Wifi yangu Atuganile alininong'oneza jina la mtu
tuliyegombana naye mpaka wa shamba la chai.
Nikamwambia, yule? Yule hata kifungo hawezi kushona,
ataiwezea wapi miguu yangu?
Tukacheka sana.

Usiku ndipo msuli unapocheza.
Chini ya ngozi, kwenye kigimbi, kitu kinarukaruka
kama kifaranga anayegonga yai.
Nawasha tochi ya simu, natazama.
Mguu unakanyaga cherehani isiyokuwepo.
Unamshonea nani, saa nane hii?

Kule Rufaa, Mbeya, daktari kijana
alipitisha ufunguo wa pikipiki kwenye wayo wangu.
Kidole gumba kikainuka juu
kama mtoto anayejua jibu darasani.
Nikafurahi: kumbe bado kina nguvu!
Daktari hakufurahi. Aliandika mistari mingi.
Akasema mishipa ya fahamu, ile inayoamrisha mwendo.
Akasema inaweza kuwa, inaweza isiwe,
kuna kipimo cha umeme, mtaalamu anakuja mwisho wa mwezi.
Mwisho wa mwezi ukaja peke yake.
"Mama, njoo Ijumaa."

Nilicheka mpaka nesi akageuka.
Njoo Ijumaa!
Neno langu hilo. Nimewaambia maharusi,
nimewaambia wafiwa, nimeiambia kwaya nzima ya Moraviani,
kitambaa chao hakijaonja mkasi,
nami uso mkavu: imebaki vifungo tu.
Leo niko upande wa pili wa meza,
na nguo ninayoshonewa sikuichagua.

Nimemtuma Gwamaka akaulize bei ya mota,
ile ya kufunga pembeni, mguu ukae bure.
Karudi na bei. Tumenyamaza wote wawili.

Jioni hii, Alhamisi, kaja binti wa Mwasyoghe
kufuata sketi yake ya shule.
Imebaki vifungo tu, nikamwambia,
akaguna, maana wateja wangu wananijua.
Lakini safari hii ni kweli. Vilibaki vifungo,
na vifungo ni kazi ya mikono.
Kaa hapo, nikamwambia, usiondoke.
Nikaitazama mikono,
muda mrefu kuliko inavyostahili mikono.
Kisha nikatia uzi kwenye sindano.
Uliingia mara ya kwanza.